Kiganja Juu ya Mkeka

Mvua ilinyesha siku ya tatu ya matanga ya Tate, ikavuja kwenye pembe ya turubai na kulowesha mkeka tuliokuwa tumekalia. Harufu ikapanda. Wanawake wenzangu waliinua nguo zao wakasogea. Mimi nilibaki palepale, maana harufu ya ukindu uliolowa hainipi nafasi ya kufikiri kitu kingine. Ni harufu ya majani mabichi, ya matope ya Ruzizi, na ya kitu kama maziwa yaliyoanza kuchacha. Mkeka ule niliusuka mimi, nikiwa na miaka minane au tisa. Tate, mama mzazi wa baba yangu, aliutunza juu ya dari maisha yake yote yaliyobaki. Aliutoa siku za wageni tu, na hakuna mgeni aliyeukalia bila kuambiwa habari yake.

Jirani mmoja, mama mtu mzima wa hapa Mulongwe, mtaa wetu wa Uvira, aliwaonyesha wajukuu zake kwa kidole.

"Mumuone uyu. Njo ule mutoto wa dawa. Masasi ilipita karibu na kichwa yake, hakugeuka. Tate alikuwa anatuambia kila siku."

Watoto wakanitazama kwa macho makubwa, mimi niliyekoswa na risasi. Nikainamisha uso. Nadhani walichukulia ni unyenyekevu.

Ninyi wa rika langu mnaikumbuka miaka ile ya mwanzo ya Kongo huru, sina haja ya kuipanga. Kila mmoja wetu ana uhuru wake na uasi wake. Uhuru wangu mimi ulikuwa hivi: shule ilifungwa, na pakawa hakuna tena mwalimu wa kuniita mara tatu kabla ya kunichapa. Mama yangu alikuwa amefariki nikiwa bado nanyonya, baba alikuwa migodini kusini na barua zake zilichelewa. Nilikaa na Tate, aliyekausha ndagala, dagaa wa ziwani, na kuziuza, na Baba mdogo Kashindi, mdogo wake baba, fundi cherehani.

Nijaribu kueleza jinsi nilivyokuwa, kwa kuwa hadi leo wapo wanaodhani nilikuwa najifanya. Nilipokaa kusuka, mwanzoni nilisikia kila kitu, tena kupita kiasi. Kuku anaparua. Mwanamke wa nyumba ya tatu anasonga ugali. Mto Mulongwe unasukuma mawe yake. Sauti zote ziliniingia kwa pamoja, kama watu wanaogombania mlango, mpaka nikatamani kulia. Halafu vidole vikashika mwendo. Mbili juu, moja chini. Mbili juu, moja chini. Sauti zikaanza kutoka, moja moja, kwa adabu, kila moja ikifunga mlango nyuma yake. Mwishoni tukabaki wawili, mimi na ule ukanda wa ukindu uliokuwa ukirefuka mapajani mwangu.

Haukuwa usingizi. Sijawahi kuwa macho kama nilivyokuwa macho pale. Niliona kila mshipa wa jani. Nilijua kabla kidole hakijagusa kwamba chane hii ya ukindu itakatika na ile itakubali kupindwa. Njaa haikuwapo. Jua lilihama kutoka goti moja kwenda la pili bila kupita katikati. Mwili wenyewe haukuwapo, na hapo ndipo ilipokaa aibu yangu ya kwanza, maana mwili usiokuwapo haukuambii kwamba unataka kwenda haja. Mara ngapi niliinuka gauni limelowa, watoto wa jirani wakiimba kwamba mto umefurika.

Nilidhani watu wote wana mahali kama pale. Nilidhani wanakwenda na kurudi kila wanapoitwa, na kwamba kosa langu lilikuwa moja tu, kutojua kurudi haraka. Kwa hiyo fimbo nilizipokea bila kinyongo, kama mtoto mvivu wa kujifunza.

"Angalia ndagala," Tate aliniambia asubuhi moja, akinikalisha pembeni ya samaki aliowaanika mchangani. "Kunguru ikija, fukuza. Mvua ikija, ita minye. Unasikia?"

"Nasikia, Tate."

Nilikuwa nimekuja na chane zangu. Mvua ilipokuja haikuniambia. Tate alirudi mbio, akakuta ndagala za wiki nzima zimekuwa uji, nami nimeinama chini ya kichaka, mkavu, nasuka.

"Masikio yako iko ya nini? Ya mapambo?" Alinichapa kwa fungu la ukindu wangu mwenyewe. "Naita, naita, weye iko kimya kama jiwe! Minye nitakula nini? Mukeka?"

Alinimwagia mafuta ya moto kidogo masikioni kwa siku saba. Yaliposhindwa, akanipeleka kwa sista wa misheni aliyetibu watu. Sista alisimama nyuma yangu, akanong'ona kwa sauti ndogo kuliko ya nzi: "Bonbon?"

Nikageuka kuitafuta pipi.

"Anasikia vizuri," sista akasema. "Ni ukaidi."

Tangu siku ile mtaa mzima ulijua kwamba sikuwa kiziwi. Nilikuwa mbaya tu.

Mtu mmoja hakuniita kamwe. Baba mdogo Kashindi alikuwa mwembamba, mwenye vipande vya nyuzi kwenye nywele, na mwoga kuliko wanaume wote wa Mulongwe. Aliogopa radi. Aliogopa ziwa, yeye aliyezaliwa hatua hamsini kutoka ziwani. Alivuka mto akishika mkono wa mtu, hata wa mtoto, na vijana walipomcheka alicheka nao. "Kwa muoga inaenda kicheko, kwa shujaa inaenda kilio," aliwaambia. "Cheka, cheka tu. Minye iko nasikia utamu." Nami kwa kuwa nilipewa jina la Tate, mama yake, aliniita mama, kama desturi yetu inavyotaka, na desturi ile yeye hakuifanya mzaha. Alinisalimu asubuhi kabla sijamsalimu. Alinipa kiti.

Aliponihitaji alikuja akachuchumaa mbele yangu, akaweka kiganja chake juu ya mkeka, pale pale macho yangu yalipokuwa yakielekea, akangoja. Aliniambia aliijua njia hiyo kutoka kwenye vitambaa: kitambaa ukikivuta kinaruka, ukikiwekea kiganja kinatulia. Mimi nilisuka mpaka nikafika kwenye kucha zake. Kwanza niliona kucha, halafu kidole chenye alama za sindano, halafu mkono, halafu yeye. Nilirudi polepole, kama mtu anayepanda kutoka chini ya ziwa, bila kuumia popote.

"Umerudi, mama?"

"Nimerudi."

"Karibu. Ugali iko inapoa."

Siku vijana wa dawa, wale waasi, walipoingia Uvira, ilikuwa mchana. Tate alikuwa pwani. Baba mdogo alikuwa sokoni kwenye cherehani yake, akakimbia na wengine hadi kwenye matete ya ziwani, akakaa humo maji yakimfika kifuani, yeye aliyeogopa ziwa. Tate alipita nyumbani akaniita kutoka barabarani mpaka sauti ikakauka, akadhani nimekwenda na majirani, akakimbia. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha paa. Nilikuwa nimefika kwenye pembe ya mkeka huu. Pembe ndiyo kazi ngumu. Hapo chane zote zinageuza njia kwa pamoja, na ukipoteza moja unafumua upande mzima.

Kuhusu milio ya bunduki ya siku ile siwezi kuwaambia lolote. Ninyi mnayo, baadhi yenu mnaamka nayo hadi leo. Mimi sina.

Kilichonirudisha ni maji. Risasi ilikuwa imetoboa mtungi uliokuwa ukutani, hatua mbili kutoka kichwani mwangu, na maji yalitambaa mpaka kwenye mkeka, chane zikaanza kuteleza vidoleni. Nikainua kichwa kwa hasira. Mbele yangu walisimama wanaume sita au saba, wana majani kichwani na vipande vya ngozi ya mnyama vimefungwa kwenye paji la uso. Wakubwa wa kimo, kimya. Siku za soko watu wa Bijombo na wa milima mingine walishuka kununua mikeka, na wengine walivaa vitu ambavyo sisi wa pwani hatukuvaa. Kwa hiyo nilijua la kusema.

"Mukeka bado haujaisha," nikawaambia. "Mukuje kesho."

Mmoja akacheka, akakata kicheko katikati. Mkubwa wao, mtu mrefu aliyening'iniza mkoba wa kike kiunoni, aliinua mkono.

"Mulimuona? Tumepiga masasi mingi. Kichwa haikutikisika."

"Iko kiziwi, komanda."

Komanda akazunguka nyuma yangu, akanong'ona kwa sauti ndogo kuliko ya nzi: "Nyama?"

Nilikuwa sijala tangu asubuhi. Nikageuka.

"Anasikia," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Uyu iko na dawa ya kuzaliwa nayo."

Mnaikumbuka sheria yao. Aliyenyunyiziwa maji yao, risasi kwake ni matone ya mvua, lakini asigeuke. Hata masasi yakilia, hata akiitwa kwa jina lake. Akigeuka, dawa imekufa. Wanaume wazima walishindwa sheria ile, na hapa palikuwa na mtoto wa kike aliyeishika bila kufundishwa. Jaribio lilikuwa lilelile la sista. Sista aliniona mkaidi. Hawa waliniletea mguu wa mbuzi.

Tate alirudi jioni akilia, akiamini atakuta maiti, akanikuta natafuna nyama katikati ya watu wenye silaha. Komanda alimwamkia kwa heshima, akamwambia nyumba yake haitaguswa. Na haikuguswa. Nyumba za kulia na za kushoto zilipekuliwa, yetu ilipewa mchele wa Sange, magunia mawili. Nao wakaomba jambo moja. Sheria zao ziliwakataza kupokea kitu mkononi mwa mwanamke mzima, lakini mtoto wa kike ambaye bado si mwanamke mkono wake ulikuwa safi. Walitaka niwasukie bangili za ukindu, kila mpiganaji yake, ili avae mkono usiogeuka.

Hapa ndipo kalamu yangu inapokuwa nzito. Siku zilizofuata zilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizowahi kuishi. Mji ulikuwa na hofu. Watu walichukuliwa na hawakurudi, na harufu ya moto ilikaa hewani. Mimi niliketi kwenye kivuli na fungu la ukindu bora, ule mrefu wa kando ya Ruzizi, umelowekwa kwa ajili yangu. Hakuna aliyenituma. Hakuna aliyeniita. Aliyepita karibu alinyata. Nilikwenda mahali pangu asubuhi na kurudi jua likizama, na niliporudi palikuwa na chakula, na Tate yuleyule aliyenichapa kwa ajili ya ndagala alikuwa akiwaambia wageni mlangoni: "Masasi ilikuwa inalia kama mvua! Anasikia yote uyu, yote, lakini aogope kwa nini?"

Nami nilimsikia akisema hivyo, na sikumsahihisha. Kwanza nilinyamaza. Halafu nilitabasamu. Baada ya wiki mbili nilikuwa nikiyasema maneno hayo mwenyewe, watoto waliokuwa wakiimba kuhusu mto wakikaa mbele yangu wanasikiliza.

Kisha habari ikaja kwamba wanajeshi wa serikali wanashuka uwanda wa Ruzizi. Komanda alitangaza kwamba wanaume wa Mulongwe watakaojiunga watanyunyiziwa maji na kupanda kamio, malori yao, kesho yake kwenda upande wa Sange. Hawakulazimisha wote. Waliuliza tu, nyumba kwa nyumba, na nyumba yetu ilikuwa na jina.

Mchana ule Baba mdogo alikuja nikiwa nimeurudia mkeka, nasuka. Niliona kucha, kidole chenye alama za sindano, mkono, halafu yeye. Hakuwa na nyuzi kichwani. Alikuwa amenyoa.

"Umerudi, mama?"

"Nimerudi."

"Umerudi yote? Ao kichwa ingali kule?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Aliangalia mlangoni, akashusha sauti.

"Sikia. Rafiki yangu mumoja iko na mutumbwi ndani ya matete. Leo mangaribi naweza kuvuka naye, niende ng'ambo ya ziwa. Minye, kwa mutumbwi! Hata kule watu wanavaa suruali, nitashona, nitakula. Lakini wote wanasema ile dawa ni ya kweli, kwa sababu walikuona weye. Kama ni ya kweli na minye nakimbia, Tate atabaki na haya. Kama si ya kweli..." Aliangalia tena mlangoni. "Minye nakujua. Weye njo mama yangu. Niambie minye peke yangu. Ile siku, ulisikia masasi?"

Alikuwa mtu pekee duniani ambaye ningeweza kumwambia, kwa kuwa alikuwa anajua tayari. Alitaka tu kusikia kinywa changu. Neno lilikuwa fupi. Nililiona, kama ninavyoiona chane kabla sijaigusa. Lakini nyuma ya neno lile niliona vitu vingine: fungu la ukindu likinishukia mgongoni, mafuta ya moto, wimbo wa mto umefurika. Nilimwona Tate mlangoni, hana la kuwaambia wageni. Niliona watu wakianza tena kuniita.

"Nilisikia," nikasema.

"Yote?"

"Yote."

"Na haukuogopa?"

"Niogope kwa nini?"

Nilisema kwa sauti ya Tate hasa, na mkono kiunoni. Baba mdogo akavuta pumzi, akatikisa kichwa, na tabasamu lake likarudi, dogo.

"Kumbe muoga ni minye peke yangu mu nyumba hii," akasema.

Jua lilipozama mtumbwi ulivuka bila yeye. Asubuhi nilimfunga bangili mkono wa kulia mwenyewe, mbele ya watu, Tate akipiga vigelegele. Kamio zikaondoka kuelekea uwandani, wanaume wakiimba.

Siku sijui ya ngapi baadaye nilikuwa nasuka. Pembe ya mkeka huu ilikuwa imekwisha, nilikuwa namalizia ukingo, na nilikwenda mbali. Nilipoinua kichwa jua lilikuwa limeshuka upande wa milima, na ua ulikuwa umejaa watu. Wanawake walikuwa wamejifunga vitambaa kiunoni. Tate alikuwa chini, kifua wazi, mchanga kwenye nywele, na hakuwa na sauti tena. Alikuwa amelia mchana kutwa. Walikuwa wamelia wote, hatua kumi kutoka kwangu, mchana kutwa, nami sikusikia. Pale mbele ya macho yangu, juu ya mkeka, hapakuwa na kiganja cha mtu.

"Mutoto wa dawa halii," mwanamke mmoja alisema kwa heshima, na wengine wakaitikia.

Habari ilikuwa imeletwa na kijana wa jirani aliyerudi na mkono umefungwa kanga. Alinisimulia tena mimi pia, kwa kuwa nilikuwa na haki ya kusikia. Alisema wanajeshi walikuwa na bunduki zinazotema bila kupumzika. Alisema wengi waligeuka, hata waliokuwa na dawa tangu mwanzo, wakajitupa mtaroni kwenye mashamba ya mpunga. Yeye pia.

"Tulimuita," akasema. "Tulikuwa tunalia, 'Kashindi, lala chini! Kashindi, geuka!' Hakugeuka. Alikuwa anatembea wima, polepole, kama mutu anaenda sokoni. Kweli, alikuwa kama weye."

Tate aliishi na sentensi hiyo ya mwisho. Aliila, aliivaa, aliwapa wageni. Mwanawe aliyechekwa na mtaa alikwenda wima. Wiki mbili zilizopita, mkono wake ukiwa mwepesi kama jani kwenye mkono wangu, aliniambia tena: "Mutoto wangu hakuogopa. Ni weye ulimupa ile." Nikajibu: "Ndiyo, Tate." Nilikuwa mtu mzima, nimesoma, ninaandika vitabu, na nilimdanganya mtu anayekufa kwa uongo uleule niliomdanganyia mwanawe. Naandika sasa kwa kuwa amezikwa. Najua hilo linasema nini juu yangu.

Vitabu navyo navitoa kulekule. Nakaa asubuhi, sauti zinatoka moja moja na kufunga mlango, na watu husema nina kipaji. Simpingi mtu. Lakini kila ninapoinua kichwa naangalia kwanza mezani, kabla sijaangalia kitu kingine, kama kuna mkono umewekwa hapo.

Maana kuna jambo nimeliruka. Baada ya kusema "Niogope kwa nini?", baada ya yeye kutabasamu na kujiita mwoga, Baba mdogo hakuondoka. Alibaki amechuchumaa. Kiganja chake kilikuwa bado juu ya mkeka huu, hapa karibu na pembe, kimetulia, kinangoja, kama alivyozoea kunipa muda wa kupanda kutoka chini. Nilikiona. Nikakizunguka kwa ukindu, kidole kwa kidole, natafuta nilipokuwa nimeachia. Mbili juu, moja chini. Sijui alikiondoa saa ngapi.